Taarifa ya simu ni nusu ya hesabu

Kuna swali ambalo wateja wetu wa Lodwar na Kakuma hutuuliza kila mara, na mara nyingi huja na hasira kidogo: "Stetimenti yangu iko na pesa mingi. Laki nne zinapita kwa mwezi. Mbona nimenyimwa mkopo?" Wengine hutaka tuwaandikie barua ya kupeleka benki, tuseme kwamba ni wateja wazuri.

Wateja wazuri ni kweli. Lakini barua yetu haitasaidia, na heri tuseme wazi ni kwa nini. Taarifa ya miamala ya simu ni nusu ya hesabu ya biashara. Inaonyesha pesa iliyopita mkononi mwako. Ile iliyobaki haionekani humo. Afisa wa mikopo anayejua kazi yake anatafuta iliyobaki, kwa sababu hiyo ndiyo itakayolipa mkopo. Asipoiona atakunyima, au atakupa kidogo kwa riba kubwa ili kufidia asichokijua. Maoni yetu ni kwamba mtu wa kuijaza ile nusu nyingine ni mhasibu, na kwamba wafanyabiashara wadogo wa Turkana wanamwita wakiwa wamechelewa mno, wakati fomu ya mkopo tayari iko mezani na kilichobaki ni kumwambia, "Nitengenezee vitabu."

Tufanye hesabu yenyewe. Huu ni mfano wa kutunga, lakini anayeuza samaki Lodwar ataujua. Mama ananunua samaki Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Anauza Lodwar, na mzigo mwingine anautuma Kakuma kwa gari. Mwezi huu taarifa yake inaonyesha zimeingia shilingi 412,000. Anataka mkopo wa shilingi 80,000 anunue friza, kwa sababu samaki wakichelewa kuuzwa kwa joto la Lodwar, unajua mwenyewe.

Mhasibu anaketi naye na taarifa ile mstari kwa mstari. Shilingi 60,000 ni za chama, ilikuwa zamu yake kupewa. Shilingi 35,000 zilitumwa na kijana wake aliye Nairobi, karo ya mdogo wake. Shilingi 48,000 ni zake mwenyewe, alizitoa kwenye laini moja akaziweka kwenye nyingine. Mauzo ya kweli yaliyopita kwenye simu ni 269,000. Halafu kuna daftari, lile la kawaida lenye kona zilizokunjika, ambamo ameandika mauzo ya pesa taslimu: 71,000. Hizo simu haikuziona kabisa. Jumla ya mauzo ya mwezi ni 340,000.

Sasa matumizi. Samaki wenyewe 262,000. Usafiri 21,000. Barafu, magunia na vibarua 9,000. Kodi ya kibanda na ushuru wa kaunti 6,000. Makato ya kutuma na kutoa pesa 3,000. Jumla 301,000. Kinachobaki ni 39,000, na humo ndimo anamotoa 25,000 ya chakula na mahitaji ya nyumbani. Iliyo huru kabisa ni shilingi 14,000.

Kutoka 412,000 hadi 14,000. Hakuna aliyedanganya hapo. Ila mama huyu akienda benki na taarifa peke yake, afisa mmoja atamwona tajiri na mwingine atamwona mtu asiyeeleweka, na wote wawili watakuwa wamekosea.

Mhasibu mvivu angeishia hapo, aweke muhuri, aseme awamu isizidi elfu kumi. Aliye mzuri anauliza swali ambalo wengi wetu tunalikimbia: kodi je?

Mauzo ya 340,000 kwa mwezi ni zaidi ya milioni nne kwa mwaka. Kwa kanuni zilizoanza Julai 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, na ripoti yake hupelekwa KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi hii haiulizi faida, inakata juu ya mauzo. Kwa mama wetu ni shilingi 10,200 kila mwezi. Zile 14,000 zimekuwa 3,800. Friza imeondoka.

Hapa ndipo watu wengi huamua kuwa na vitabu viwili, kimoja cha KRA chenye mauzo madogo na kingine cha benki chenye mauzo makubwa. Tunaelewa kinachowasukuma, lakini ni njia mbovu hata kwa mtu asiyejali sheria, kwa sababu wakopeshaji wengi siku hizi hutaka kuona ripoti zako za kodi pamoja na taarifa ya simu. Zikigombana, ndio mwisho wa mazungumzo.

Kumbe kuna njia halali, na ni mhasibu anayeijua. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kuiandikia KRA kwamba hataki kuwa kwenye kodi ya mauzo, alipe kodi ya kawaida ya mapato inayotozwa juu ya faida. Faida ya mama wetu ni 39,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya sasa, 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizosalia asilimia 30. Hiyo ni 6,483. Toa nafuu ya kodi ya 2,400 ambayo kila mlipa kodi mkazi anastahili, inabaki 4,083. Badala ya 10,200, analipa 4,083. Zile 14,000 sasa ni 9,917, na mazungumzo ya friza yanarudi.

Njia hii ina gharama yake. Lazima matumizi yawe na ushahidi, na KRA inataka ankara za eTIMS. Mvuvi wa Kalokol hana eTIMS, na wengi wa wanaouza ufuoni hawataki hata kuisikia. Tangu mwisho wa 2024 sheria imeruhusu mnunuzi atoe ankara yeye mwenyewe anaponunua kwa muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Mama anaweza kufanya hivyo kwa simu yake, akionyeshwa namna. Kanuni za kodi hubadilishwa karibu kila mwaka na Sheria ya Fedha, kwa hiyo hesabu ya leo isikariri mtu. Biashara yenye faida kubwa kuliko hii inaweza kukuta kodi ya mauzo ndiyo nafuu. Lazima mtu akae achore pande zote mbili, na huo ndio msaada tunaouzungumzia. Mara nyingi mkopo hupatikana hapo, kwenye shilingi elfu sita zilizokuwa zikipotea kwa mwezi, kabla hata ya kumwona afisa wa benki.

Sasa aina ya mkopo. Hili linatuuma kwa sababu mikopo ya simu inapita kwenye mifumo kama yetu, na tunaona vile watu wanavyoitumia. Mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 7.5 ni rahisi kuupata na haumsumbui mtu kwa maswali. Ukikopa 80,000 za friza kwa njia hiyo, mwisho wa mwezi unadaiwa 86,000, na ulizo nazo huru ni 9,917. Hata tukisema utaruhusiwa kulipa ile ada ya 6,000 na kukopa upya kila mwezi, baada ya mwaka utakuwa umelipa shilingi 72,000 na deni la 80,000 liko palepale, halijapungua hata shilingi. Hicho ndicho kinachoitwa mkopo mwepesi!

Hatusemi mkopo wa simu ni mbaya. Kwa mzigo wa samaki unaonunuliwa Jumatatu na kuisha Alhamisi, unafaa sana. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ilianza na mkopo wa mtu binafsi wa kurudishwa ndani ya siku 14. Siku 14 zinatosha samaki, hazitoshi friza. Kitu kitakachokutumikia miaka mitano hakilipiwi kwa wiki mbili. Mhasibu akikufundisha hilo moja tu, ameshalipa chakula chake.

Kwa hiyo anaangalia benki au SACCO. Tuseme inatoza asilimia 15 kwa mwaka juu ya kiasi chote. Kwa miezi 12 awamu ni kama 7,670. Inaingia kwenye 9,917, lakini kwa kubanwa: mtoto mmoja akilazwa, imeanguka. Kwa miezi 18 riba inaongezeka hadi 18,000 kwa jumla na awamu inashuka hadi kama 5,450. Mhasibu mwenye busara atachagua 18 na kueleza kwa maandishi kwa nini. Na ile faida ambayo friza italeta, samaki ambao hawataharibika tena? Asiihesabu kabla haijaonekana. Ikija, alipe mapema, baada ya kuuliza kwanza kama benki hutoza kulipa mapema.

Ataomba pia tarehe ya awamu ifuate biashara. Lodwar ni mji wa mishahara ya serikali, kaunti na mashirika. Wiki ya kwanza ya mwezi si sawa na ya tatu. Anayeuza mbuzi mapato yake hufuata mvua. Benki nyingi zitaweka tarehe yoyote utakayoomba yenye maelezo, lakini usipoomba utapewa ile ya mfumo.

Tupande gari sasa, kilomita 120 hivi kuelekea kaskazini-magharibi.

Kakuma ni soko la aina yake. Kambi ilianza 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata katikati ya miaka ya 2010. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti uliokadiria soko la kambi na mji kuwa la shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, lenye biashara zaidi ya 2,000. Utafiti huo uliwafungua macho wengi waliokuwa wakidhani kambi ni watu wa kupanga foleni tu. Kabla yake, mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikuwa limeanza Bamba Chakula, pesa ya chakula inayotumwa kwa simu na kutumika kwenye maduka yaliyochaguliwa. Kwa mwenye duka aliyechaguliwa ilileta kitu cha thamani ambacho daftari lake halikuwa nacho: mauzo yaliyorekodiwa na mtu mwingine, mwezi baada ya mwezi.

Lakini duka la Kakuma huendeshwa kwa deni. Mwenye duka la jumla anampa wa rejareja unga na mafuta, alipe akiuza. Wa rejareja anawapa majirani, walipe msaada ukiingia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliandika kuhusu madeni ya Kalobeyei na kueleza jinsi wenye maduka wanavyoshikilia kadi za benki za wateja wao kama dhamana. Hatuwezi kuisifu tabia hiyo. Kadi na namba ya siri ni vya mwenyewe, basi. Ila inaonyesha jinsi biashara nzima ilivyokaa juu ya ahadi.

Mwenye duka akienda kuomba mkopo anasema, "Nadai watu laki moja na themanini," kana kwamba ni pesa iliyo mfukoni. Mhasibu anamwomba daftari la madeni na kulipanga upya kwa umri. Pengine atakuta 70,000 ni za chini ya mwezi mmoja, hizo zitalipwa. Shilingi 50,000 ni za miezi miwili mitatu. Zitalipwa nusu, kwa kubembelezana. Shilingi 60,000 ni za tangu mwaka jana, na wengine kati ya wadaiwa walishahama au kurudi kwao. Hizo azifute. Inauma, na tumesikia wenye maduka wakibisha sana hapo, lakini laki moja na themanini inakuwa kama 95,000, na hiyo ndiyo ya kupeleka benki. Afisa wa mikopo akiona orodha iliyofutwa madeni mabovu na mwenyewe, anaiamini iliyobaki.

Swali la pili la mhasibu ni zito zaidi. Kati ya mauzo yako, ni kiasi gani kinatoka kwenye msaada? Mwaka 2025 WFP ilipunguza mgao kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua, kisha kuanzia Agosti ikawagawa wakimbizi katika makundi kulingana na uhitaji wao, wengine wapate zaidi, wengine kidogo, wengine wasipate. Duka ambalo asilimia 70 ya mauzo yake yalitegemea msaada, msaada ukishuka kwa nusu, mauzo yanashuka kwa asilimia 35. Ile taarifa ya miezi 12 iliyopita uliyobeba mkononi inaelezea duka ambalo halipo tena.

Ndiyo maana tunasema msaada mkubwa wa mhasibu unaweza kuwa kukuzuia usikope. Au ukope nusu. Au ukope kwa kazi nyingine: cherehani, mashine ya kusaga, mzigo wa kuuzia watu wa mji wa Kakuma na wasafiri wa barabara ya Lokichoggio, ambao hawategemei mgao. Mkopo wa kujaza rafu bidhaa ambazo wanunuzi wake wamepunguziwa chakula ni mkopo utakaolipwa na watoto wako. Kampuni ya malipo kusema hivi huenda ikaonekana ajabu, kwa sababu sisi hupata makato pesa zinapozunguka. Lakini duka lililofungwa halina miamala.

Kwa wakimbizi kuna tatizo jingine linaloweza kuharibu kazi yote hiyo: jina. Laini nyingi zinazotumika kambini ziliandikishwa na rafiki au jirani mwenye kitambulisho, na taarifa ya miamala hutoka kwa jina lake. Miaka mitatu ya mauzo yako imeandikwa kwa mtu mwingine, na hakuna mhasibu wa kuihamisha. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara kwa stakabadhi zake. Tumia kitambulisho chako cha mkimbizi uandikishe laini yako, halafu namba ya till kwa jina lako, hata kama itabidi uanze hesabu kutoka sifuri. Equity ina tawi Kakuma. Inkomoko huwafundisha na kuwakopesha wafanyabiashara wakimbizi na wenyeji. IFC pamoja na AECF wameendesha mfuko wa ushindani wa Kakuma na Kalobeyei, uliotoa ruzuku kwa biashara. Ukibisha mlango wowote kati ya hiyo, jambo la kwanza utakaloulizwa ni jina na rekodi.

Na asiyetaka riba kwa sababu ya dini asidhani mhasibu hana kazi kwake. Kwenye murabaha benki hununua bidhaa na kukuuzia kwa faida iliyotajwa mwanzoni. Ni lazima mtu aichukue faida hiyo, aigawe kwa miezi, na kuona kama inaingia kwenye pesa yako iliyo huru. Hesabu ni ileile.

Dhamana nayo huwatisha watu kuliko inavyostahili. Ardhi nyingi ya Turkana ni ya jamii, na mfanyabiashara mwenye hati ya shamba ni nadra. Lakini tangu 2017 kuna Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Zinazohamishika, na imetaja mifugo waziwazi kuwa mali inayoweza kuwekwa dhamana, pamoja na magari, mashine na mazao. Hata madeni unayowadai watu yamo. Kuna daftari la taifa linaloandika mali gani imeshikwa na nani, kwa hiyo ukinunua friza kuukuu au pikipiki, tafuta humo kwanza usije ukanunua dhamana ya mtu.

Mbuzi kuwa dhamana kisheria hakumaanishi benki itakimbilia mbuzi. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na kila mtu hapa anajua zizi lake lilivyokuwa kabla na baada. Mkopeshaji analikumbuka hilo pia. Tunavyoona sisi, mifugo iwe ya mwisho kwenye orodha. Mbele iwe friza yenye risiti na namba yake, pikipiki yenye logibuku, mizani, mali iliyo dukani ikiwa imehesabiwa. Mhasibu aiandike orodha hiyo kwa bei ambayo ungeiuza leo, si ile uliyonunulia.

Wanaoiuzia kaunti au shule, neno moja. Hati ya oda ni dhamana nzuri kwenye karatasi. Lakini ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimejaa madeni ambayo kaunti za Kenya hazijawalipa wauzaji wao. Usichukue mkopo wa siku 60 kwa oda itakayolipwa Mungu akipenda. Mhasibu aulizie kwanza oda kama hiyo mwaka jana ililipwa baada ya siku ngapi, aweke hiyo.

Historia ya mikopo nayo aitazame mapema. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka kutoka kwa kila kampuni ya CRB iliyo na leseni, zikiwemo TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kwa kanuni za 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kukuweka kwenye orodha ya wabaya, na deni ulilolipa linapaswa kuonekana limelipwa. Makosa hutokea. Kuyasahihisha huchukua muda, na muda huo huna kama fomu tayari iko kwa meneja.

Tukirudi kwenye taarifa ya simu yenyewe: mkopeshaji huisoma kwa jicho ambalo huenda hulijui. Wanaozungusha pesa kati ya laini mbili ili taarifa inenepe wajue kwamba mchezo huo unaonekana haraka sana, kiasi kilekile kikienda na kurudi siku ileile. Pesa za kubeti zinaonekana pia, na jina la kampuni ya kubeti kando. Kufuliza kila siku nako kunaonekana, na mkopeshaji atajiuliza kwa nini biashara yenye mauzo mazuri inakosa mia tano kila jioni. Huenda una sababu nzuri, kwamba unanunua asubuhi na kuuza jioni. Mhasibu aiandike sababu hiyo kwenye barua ya maelezo, asimwachie afisa abahatishe. Na mauzo yote yakipita kwenye till, ya nyumbani yakabaki kwenye laini yako, nusu ya kazi aliyoifanya mhasibu wa mama samaki haitahitajika tena.

Lawama nyingine ni ya wahasibu. Wengi wao hungoja mteja wa tenda na wa ukaguzi, wakidhani mama wa samaki hawezi kuwalipa. Tuhesabu tena. Kwenye mfano wetu kodi imepungua kwa shilingi 6,117 kwa mwezi. Akimlipa mhasibu 2,000, bado 4,117 ni zake. Wafanyabiashara kumi wa chama kimoja wakimleta mtu mmoja kwa siku moja kila mwezi, ni 20,000 kwa siku hiyo. Hiyo ni kazi ya maana Lodwar, na Kakuma pia. Tungependa kuona wahasibu vijana wakitembea na kompyuta zao sokoni badala ya kungoja tangazo la kazi ya kaunti.

Mhasibu huyo si lazima awe wa kukagua vitabu. Kwa mkopo mdogo hesabu za kila mwezi zilizoandikwa vizuri zinatosha mara nyingi. Lakini akijiita CPA au akikuletea muhuri wa ukaguzi, hakikisha ni mwanachama wa ICPAK, chama kinachosimamia wahasibu chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008. Majina ya wanachama yako kwenye tovuti yao. Anayekuahidi mkopo kwa asilimia ya pesa zitakazotoka, mkwepe. Huyo anataka mkopo uwe mkubwa, wewe unataka ulipike.

Mkutane sasa, kabla ya kuhitaji pesa. Mpelekee taarifa za miezi sita, daftari la mauzo, daftari la madeni, leseni ya kaunti na risiti zozote, hata zilizolowa. Password ya kufungulia faili la taarifa mpe kwa faili hilo tu. PIN ziko mbili na watu huzichanganya: ya KRA lazima aijue, ya simu haimhusu hata kidogo. Akiiomba hiyo ya pili, chukua madaftari yako uende kwa mwingine.